Pesa za Kuonyesha Ubalozini

Ndugu zangu mnaoishi huku milimani, na ninyi mliozaliwa huku mkahamia kwingine, naomba masikio yenu kwa muda mfupi. Nitawaeleza habari za nyumba moja iliyoko juu kidogo ya Mlalo. Katika habari hii hamna mwizi, hamna mlevi wala mchawi. Wote waliomo walikuwa wanatakiana mema, na bado walifika pabaya. Mwizi tungemkimbiza. Jambo hili lilipita katikati yetu limevaa nguo zetu, na hakuna aliyepiga kelele.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane, Sesilia alikuwa anakamua ng'ombe wake. Alikuwa naye mmoja tu, mwekundu, mpole, na maziwa yake ndiyo yaliyonunua chumvi, sabuni na daftari za nyumba ile. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni, hata mabati ya Mlalo chini hayaonekani. Mume wake, Mika Sheshe, alikuwa tuta la juu anapalilia kabichi huku anaimba pambio. Alikuwa mzee anayeheshimika usharikani, mtu ambaye shati lake la Jumapili halijawahi kukosa kifungo. Sesilia alimsikiliza akaona kwamba siku ile haina neno.

Mara Angel, binti yao, akashuka kutoka barabarani. Alikuwa na miaka ishirini na moja, amemaliza kidato cha sita, na tangu hapo alikuwa anajitolea kwenye zahanati, anaandika majina ya wagonjwa na kuosha vioo vya kupimia. Simu ilikuwa mkononi.

"Mama, nimepata."

"Umepata nini?"

"Nafasi. Kile chuo cha ng'ambo nilichoomba. Wamenikubali nisome mambo ya maabara ya hospitali. Ada wamenipunguzia nusu."

Sesilia aliweka ndoo chini. Akafuta mikono kwenye kanga akamshika mtoto wake mashavu. Mika naye aliposikia sauti alishuka na jembe begani. Yeye alikuwa mkulima, na mkulima anajua kwamba mvua nzuri huja na wadudu wake.

"Na wao wanataka nini?" aliuliza.

"Chuo hakitaki kitu kwa sasa, baba. Ubalozi ndio unataka, ili wanipe viza. Wanataka tuonyeshe pesa. Milioni kumi na nane."

"Tuwalipe milioni kumi na nane?"

"Hapana. Tuwaonyeshe tu. Zikae benki siku ishirini na nane bila kuguswa."

"Wakishaziona wanazichukua?" Sesilia aliuliza.

"Hawazichukui, mama."

"Sasa wanaziangalia za nini?"

Angel akacheka, na baba yake akacheka. Sesilia akacheka pia kwa kuwa wenzake wamecheka, lakini swali lake lilibaki pale pale. Yeye aliishia darasa la nne, mwaka ambao mama yake aliugua, na tangu hapo alikuwa amezoea kucheka na kuacha swali lipite. Jamani, mazoea hayo ni mabaya. Swali lililopita halijaenda mbali.

Angel alieleza kwamba kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni hizo pesa. Ya pili ni fomu ya chuo ya wanafunzi wasio na uwezo. Ukiijaza kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa, wanaweza kukusogeza hadi mwaka unaofuata wakakutafutia mfadhili. Fomu hiyo ilitaka mhuri wa mtendaji wa kijiji na sahihi ya mchungaji, wote wawili wathibitishe kwamba wazazi ni maskini.

Mika aliirudisha simu kwa binti yake kama mtu anayerudisha kikombe kichafu.

"Niende kwa mtendaji, nikae kwenye lile benchi na watu wanapita, niseme nimekuja kugongewa mhuri wa ufukara? Na Jumapili nikapokee sadaka mbele ya mchungaji aliyeusaini? Hapana, Angel."

"Baba, si siri kwamba hatuna milioni kumi na nane. Nani hapa anazo?"

"Kutokuwa nazo ni jambo moja. Kuandikiwa ni jambo lingine."

Sesilia alitaka kusema kwamba mwaka mmoja si mwingi. Alifungua mdomo, akamwona Mika ameshaanza kupanda kurudi kwenye kabichi, akaufunga.

Siku tatu baadaye Mika alirudi na jibu, na jibu lenyewe alilitoa katika desturi yetu wenyewe. Mnaijua. Wageni wa posa wakija kwa jirani, hatumwachi apate aibu. Mmoja analeta viti, mwingine vikombe vya maua, mwingine anaswaga ng'ombe wake mpaka kwenye zizi la mwenye binti ili zizi lijae. Hata ng'ombe mwekundu wa Sesilia alishawahi kulala siku mbili kwa Hezekia, fundi seremala na mzee wa kanisa mwenzake Mika, siku binti wa Hezekia alipoposwa. Wageni walipoondoka, ng'ombe alirudi kwake na viti vikarudi kwao. Hakuna aliyedai, na hakuna aliyesema ni uongo.

"Hawa wa ubalozi ni wageni wa posa tu," Mika alisema. "Wanataka kuona zizi. Tuwajazie zizi."

Kwa kweli lilionekana jambo jepesi. Hezekia alikuwa na pesa za mbao alizokuwa anakusanya ili anunue magogo. Mwanahamisi, jirani wa upande wa chini, alikuwa mfanyabiashara wa viazi na alikuwa ametenga mtaji wa kununua mbegu za vuli. Majirani wengine saba walitoa walichokuwa nacho. Mika mwenyewe aliuza miti yake ya miwati. Hakuna aliyeandikishana na mwenzake. Walimwita Angel mtoto wetu, na walimaanisha.

Mwanahamisi alileta zake akiwa amezifunga kwenye kitambaa. "Haya, Mama Angel, sasa wewe ni tajiri. Nikija kuomba chumvi nibishe hodi mara ngapi?"

"Acha utani, mwenzangu. Mimi hata kuzishika naogopa."

"Ogopa hivyo hivyo. Mvua za vuli zikigonga nazitaka, maana mbegu hazisubiri viza."

Pesa zikaingia kwenye akaunti ya Sesilia. Mika hakuwa na akaunti, za kwake zilikaa kwenye simu na mfukoni. Sesilia ndiye aliyekuwa nayo, kwa sababu kituo cha maziwa kinalipa wafugaji kupitia benki. Kwa miaka minne akaunti ile ilikuwa inapokea elfu sitini, elfu themanini, mwezi mbaya elfu arobaini. Sasa ujumbe ukaingia kwenye simu yake ndogo wenye sifuri nyingi mpaka zikashuka mstari wa pili. Aliusoma uani, akaangalia kulia na kushoto, akaiweka simu ndani ya debe la mahindi. Siku hiyo alipopeleka maziwa kituoni, mpimaji alimwambia yamepungua nusu lita, na Sesilia akasema haidhuru, kisha akajiuliza njia nzima kwa nini amesema haidhuru. Nusu lita ilikuwa inamdhuru siku zote.

Siku ya ishirini na mbili mvua ikagonga, mapema kuliko kawaida. Lori la mbegu likafika Mlola. Mwanahamisi akapanda mlima na mwavuli wake.

"Baba Angel, nimekuja."

"Bado siku sita, dada yangu. Sita tu."

"Lori halina siku sita."

Walikwenda wote Lushoto wakazitoa. Mika aliona si kitu, pesa zikipungua siku chache zitarudishwa. Baada ya benki walipitia kwa Dula, kijana wa Tanga mwenye duka la steshenari, ambaye watu wa vijijini walimtegemea kwa kujaza fomu zote za kompyuta. Dula alisikiliza huku anatafuna karanga, kisha akaacha kutafuna.

"Mghoshi, baba yangu, umeniua. Siku zinahesabiwa mfululizo. Ukitoa hata kidogo, unaanza moja."

"Tunaanza moja vipi, na ishirini na mbili zimeshapita?"

"Zimepita bure. Siyo mimi, mzee wangu. Ndivyo walivyoandika."

Sesilia alikuwa amesimama mlangoni. Alijaribu kuelewa siku ambayo imepita halafu haikupita. Kwenye kilimo, mvua ikikatika siku ya ishirini, zile ishirini haziondoki udongoni. Alimwangalia Angel aone kama yeye anaelewa. Angel alikuwa anaangalia sakafu.

Hapo Mika alifanya jambo ambalo Sesilia hakuwahi kumwona akilifanya. Alimfuata Mwanahamisi, aliyekuwa anangoja nje, akavua kofia. Yeye ambaye hakuweza kukaa kwenye benchi la mtendaji alisimama barabarani Lushoto, kofia mkononi, anamwomba mwanamke arudishe pesa zake mwenyewe. Mwanahamisi aliangalia kitambaa, akaangalia mawingu, akamwangalia Angel.

"Angel ni mtoto wetu," alisema mwisho. Akampa.

Lori la mbegu likauza kwa wengine likaondoka. Mashamba ya Mwanahamisi yalikaa na matuta yake yamechimbwa, mazuri, hayana kitu. Na Hezekia, aliyekuwa anangoja zake kwa ajili ya magogo, alisikia magogo yamechukuliwa na mtu wa Malindi, ile ya huku kwetu milimani. Hakuja kudai. Lakini Jumapili hakukaa benchi moja na Mika.

Hesabu ya pili ilipotimia walirudi kwa Dula kumalizia maombi. Dula aliuliza maswali huku anaandika.

"Kazi ya Mama Angel?"

"Anauza maziwa," Mika alijibu.

"Muuza maziwa mwenye ng'ombe mmoja na milioni kumi na nane? Watacheka. Tuseme mfanyabiashara wa jumla wa maziwa na mboga."

"Mimi?" Sesilia aliuliza.

"Wewe, mama yangu. Kwenye karatasi watu wote wananenepa."

Printa ikatoa karatasi mbili za Kiingereza. Dula aliweka kidole chini ya ya pili. "Sahihi hapa."

"Imeandikwa nini?"

"Maneno ya kiofisi tu," Mika alisema. "Weka, tuwahi gari."

Angel aliichukua kwanza. Sesilia alimwona akiisoma, akafika chini, akarudi juu akaisoma tena. Macho yake yakawa mekundu kama wakati alipokuwa mtoto mwenye homa. Kisha akaiweka mezani mbele ya mama yake na kumpa kalamu. Sesilia akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, akihakikisha kwamba hakuna iliyotoka nje ya mstari.

Mpaka hapo, msomaji wangu, kila mmoja alikuwa bado anaweza kusimama akasema ngoja. Palikuwa na watu wanne kwenye duka lile, na wanne wote walikuwa na midomo.

Wiki ya pili simu iliita. Ilikuwa mchana, Sesilia akiwa anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya mwanamke, ya upole kabisa. "Naongea na Mama Sesilia Sheshe? Napiga kutoka Dar es Salaam, kuhusu maombi ya viza ya Angel."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi." Alifurahi kwamba watu wa ubalozi wanajua kuamkia. Aliweka mundu chini akasimama vizuri, kana kwamba anaonekana.

"Nina maswali machache kuhusu pesa zilizoko kwenye akaunti yako."

"Uliza tu. Zipo zote. Hatujagusa hata senti."

"Zilitoka wapi, mama?"

"Zimetoka kwa majirani," Sesilia alisema. "Za Hezekia zimo, yule seremala. Za Mwanahamisi zimo, na hizo usiniulize, amezitoa kwa shida, mbegu zimempita. Na wengine saba. Watu wa huku wana moyo."

Upande wa pili ilisikika kalamu ikiandika.

"Na Angel akipata viza, hizo pesa zinakwenda wapi?"

"Tunawarudishia wenyewe, kila mtu na chake. Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Hapa kwetu hatudhulumiani."

"Mama, ile karatasi uliyosaini, kuna mtu aliyekusomea?"

"Haikusomwa. Ilikuwa ya Kiingereza. Binti yangu aliiona."

"Sawa." Sauti ilishuka. "Swali la mwisho, mama. Angel akifika kule, atakula nini?"

Sesilia aliokota mundu wake.  Miezi mitatu walikuwa wamehesabu siku, wamehesabu pesa, wamepanda na kushuka Lushoto, na swali hilo halikuwahi kuulizwa katika nyumba yake.

"Mungu atasaidia," alisema.

"Asante mama. Umenisaidia."

"Karibu Mlalo, mwanangu. Upite hata unywe maziwa."

Alirudi nyumbani na majani kichwani na furaha moyoni, akawakuta Mika na Angel wanakula viazi na mchicha. Akawasimulia neno kwa neno, pamoja na ule mwaliko wa maziwa. Alipofika kwenye majirani, Mika aliacha kutafuna. Alipomaliza, Angel alikuwa ameinamisha uso juu ya sahani.

"Umesema za majirani," Mika alisema.

"Ameuliza zimetoka wapi."

"Ungesema ni zako!"

"Ningesemaje ni zangu, baba Angel, na Mwanahamisi namwona kutoka hapa amekaa kwenye tuta tupu?"

"Umemuua mtoto wako kwa mdomo wako."

Sesilia hakuelewa. Alikuwa ameulizwa kwa heshima, akajibu kwa heshima. Kama mgeni wa posa angeuliza, "Viti hivi vizuri, vya nani?", angejibiwa ni vya jirani, na mgeni angesifu ujirani. Alikaa chini akalifikiri jambo hilo, akalizungusha kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba gizani. Na polepole akaona kitu. Mgeni wa posa anajua. Kwao wanaazimana viti vivyo hivyo, kwa hiyo hakuna anayedanganywa, na hakuna anayetia sahihi. Lakini yule binti wa simu hakuwa anajua. Alikuwa anauliza kwa sababu hajui, na kwa sababu aliogopa mtoto wa watu asije akalala njaa ugenini.

"Ile karatasi ilikuwa inasema nini?" alimuuliza Angel.

Angel aliinuka. Alitoka akaenda kumpa ng'ombe majani, kazi ambayo haikuwa yake saa ile.

Jibu lilikuja mwezi wa kumi na mbili. Angel alilisoma peke yake kwanza, kisha akawasomea wazazi kwa Kiswahili. Viza imekataliwa. Pesa zilizoonyeshwa si za mwombaji wala si za mdhamini wake, yaani mama. Mdhamini ametoa tamko la kiapo lisilo la kweli, na mwombaji amelileta. Kwa ajili hiyo, Angel haruhusiwi kuomba tena kuingia nchi ile kwa miaka kumi.

"Miaka kumi," Sesilia alisema. "Ile fomu ya mhuri ilikuwa ni mwaka mmoja."

Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa anajaribu tu kupima. Lakini Mika aliinuka akatoka nje, akasimama na mgongo wake kwao mpaka jua likazama nyuma ya mlima.

Kilichobaki ni kurudisha pesa. Mika alitaka kuwaambia majirani kwamba benki ilikosea, au kwamba chuo kimefungwa, jambo lolote lenye sura. Walikusanyika uani kwa Mika siku ya Jumamosi, wote tisa. Mika akasimama, akaanza: "Ndugu zangu, kule benki kumetokea hitilafu—"

"Hapana," Sesilia alisema.

Watu waligeuka. Alikuwa mwanamke ambaye hata kwenye kikundi cha maziwa huomba jirani amsemee. Aliangalia miguu yake, akaendelea hivyo hivyo akiiangalia.

"Benki haikukosea. Sisi tulisema pesa zenu ni zangu. Pesa zilikuwa za kweli, maneno yalikuwa ya uongo. Wakaniuliza, nikawaambia za nani. Mimi nilidhani tunaazimana kama viti. Sikujua nimeapa. Mnisamehe, maana jina lililoandikwa pale ni langu."

 Mika alikuwa bado amesimama, hajui aketi au abaki.

"Mama hakujua," Angel alisema kutoka mlangoni. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. "Mimi nilijua. Karatasi ilisema pesa ni zake na hakuna mtu mwingine anayezidai. Nilisoma mara mbili. Nilitaka kwenda, nikampa kalamu."

Sesilia alimwangalia binti yake. Alitafuta hasira ndani yake hakuipata, akatafuta nafuu hakuipata. Alisogea tu kwenye benchi, akamwachia nafasi.

Mika akaanza kugawa. Kila mtu alipata chake, hakuna kilichopungua. Hezekia alizikunja zake akaziweka mfukoni mwa koti na kuaga kwa kichwa. Mwanahamisi alizihesabu kwenye kitambaa kile kile, taratibu, mpaka ya mwisho.

"Zimetimia?" Mika aliuliza.

"Zimetimia, shemeji," alisema Mwanahamisi. "Pesa ni zile zile. Msimu ndio siyo ule."

Akafunga kitambaa, akashuka mlima kwenda kwenye mashamba yake.

FUNZO LA HADITHI HII

Wazazi wenzetu, vijana wetu, na ninyi majirani wenye moyo mwepesi wa kutoa, tujifunze hapa.

Anayetaka kuona pesa kabla ya kumpokea mtoto wako hatafuti kukuaibisha. Anauliza kama mtoto atakula. Kama huna cha kumlisha huko, pesa za kuazima hazitamlisha, kwa kuwa siku anapopanda ndege nazo zinarudi kwa wenyewe. Afadhali viza ikataliwe kwa sababu huna, maana kesho unaweza kuwa nacho na ukaomba tena. Ikikataliwa kwa uongo, mlango unafungwa na ufunguo unatupwa.

Umaskini si kosa la kufichwa. Mika aliogopa benchi la mtendaji kwa saa moja, akamlipisha binti yake miaka kumi, na jirani yake akamlipisha mavuno. Aibu aliyoikimbia ilimkuta uani kwake mbele ya watu tisa. Kama kuna fomu ya wasio na uwezo na wewe huna uwezo, nenda ukagongewe mhuri. Watu watakusema siku mbili, watachoka.

Na wewe ambaye hukusoma sana, usiweke jina lako kwenye karatasi usiyoijua kwa sababu gari linaondoka. Gari litarudi kesho. Sema, "Nisomee," na wakikucheka, sema tena. Na wewe uliyesoma, ujue kwamba ukimpa mama yako kalamu, umempa na mzigo wote ulioandikwa juu ya mstari ule.

Tuendelee kuazimana viti na vikombe, ni vizuri. Lakini kiapo hakiazimwi.